Dawa inayoua huku ikivunjika

Mimi ni mtu wa usafi wa mitambo katika kiwanda cha maziwa. Sisemi usafi wa ufagio na dekio, ingawa na huo naufanya. Nasema usafi wa ndani ya mabomba, matangi na mashine za kujazia, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki. Maziwa yetu yanatoka kwa wafugaji wa nyanda za juu, wengine wanaleta ndoo moja tu, na kabla tone la kwanza halijapita kwenye bomba lazima sisi wa usafi tuwe tumemaliza kazi.

Leo naandika juu ya dawa tunayomalizia nayo, asidi ya perasetiki, pamoja na haidrojeni peroksaidi inayoizaa. Nimechoka kuona dawa hizi zikieleweka kinyume. Wako wanaoziogopa hadi wanapunguza kipimo kwa siri, na wako wanaozimwaga kwenye maziwa yenyewe wakidhani wanayaokoa. Wote wawili wangefanya tofauti kama wangeelewa jambo moja: dawa hii inaua kwa kuvunjika. Ikishavunjika, kazi yake imekwisha.

Haidrojeni peroksaidi ni maji yaliyobebeshwa oksijeni moja ya ziada. Mfaransa Louis Jacques Thénard ndiye aliyeigundua mwaka 1818. Oksijeni ile ya ziada haijatulia. Ikikutana na kitu cha kukishambulia, inatoka, na nyuma yanabaki maji. Ukichanganya peroksaidi na asidi ya asetiki, yaani ile asidi ya kwenye siki, ukatia kichocheo kidogo cha asidi ya salfa, sehemu yake inageuka kuwa asidi ya perasetiki. Haigeuki yote. Ndani ya jerikeni wanakaa wanne kwa pamoja, perasetiki, peroksaidi, asidi ya siki na maji, na wanaendelea kugeukiana mpaka wafike mizani. Jerikeni zetu zimeandikwa asilimia 5 ya perasetiki, na peroksaidi iliyomo ni mara kadhaa ya hapo. Ndiyo maana kijana anayeingia zamu kwa mara ya kwanza huniuliza, "Dada, mbona humu kunanukia siki?" Kunanukia siki kwa sababu siki imo, na dawa ikishafanya kazi yake ndiyo inayobaki, pamoja na maji na oksijeni inayopanda hewani.

Kwa nini tusitumie peroksaidi peke yake? Umewahi kuona povu jeupe likifoka kwenye kidonda kilichomwagiwa peroksaidi ya duka la dawa. Povu lile ni kazi ya katalesi, kimeng'enya kilichomo kwenye damu na kwenye seli zetu, na bakteria wengi nao wanacho. Kinaivunja peroksaidi haraka sana kabla haijawadhuru. Perasetiki haivunjwi na katalesi. Inapenya ukuta wa bakteria, inaharibu protini zake na kuchana utando wake, na bakteria hana cha kuizuia. Wamarekani wawili, Paul Freer na Frederick Novy, waliandika juu ya uwezo wake wa kuua vijidudu tangu mwaka 1902. Ilichukua miongo mingi kabla viwanda havijaichukua, kwa kuwa kuitengeneza na kuihifadhi bila kupoteza nguvu kulisumbua.

Sasa niwaeleze tunavyoitumia, maana hapa ndipo penye mengi.

Kusafisha mashine bila kuifungua tunaita CIP. Kwanza maji ya kusuuza, kusukuma maziwa yaliyobaki. Kisha kostiki, ile alkali kali ya sodiamu haidroksaidi, ya asilimia 1.5 hadi 2, ya moto wa nyuzi 75 hadi 80, izunguke kuyeyusha mafuta na protini. Maji tena. Halafu asidi ya naitriki, kama asilimia 1, kuondoa yale mawe ya maziwa, madini yanayoganda kwenye chuma panapopita moto. Maji tena. Mwisho kabisa ndipo inakuja perasetiki, kwa maji ya baridi ya kawaida, dakika 10 hadi 15.

Kipimo chetu ni asilimia 0.3 ya dawa ya jerikeni. Kwa tangi la lita 200 ni mililita 600, na hiyo inakupa kama miligramu 165 za perasetiki kwa kila lita. Watu wakiona kiasi hicho kwenye kikombe cha kupimia wanacheka, wanaona ni kidogo mno kwa tangi lote lile. Ni kiasi cha kutosha kabisa, lakini kwa sharti: mbele yake isikute uchafu.

Sharti hilo halina mjadala. Perasetiki haichagui. Haijui huyu ni bakteria na huu ni utando wa mafuta ya maziwa. Inachokutana nacho ndicho inachokishambulia, na kila inaposhambulia inaisha. Ukiacha ute wa maziwa kwenye kiungo cha bomba, dawa itamalizikia juu ya ute, na bakteria walio chini yake hawataguswa. Kituo kimoja cha kukusanyia maziwa kiliniita hesabu za bakteria zilipogoma kushuka. Walikuwa wameongeza dawa mara mbili, kisha mara tatu, na macho ya wafanyakazi yalikuwa mekundu. Nilipofungua valvu ya chini ya tangi nikapitisha kidole kwenye gasketi, kilitoka na utando wa manjano wenye harufu ya jibini bovu. Kostiki ilikuwa inapitishwa ya vuguvugu kwa sababu hita lilikuwa bovu. Tulirekebisha hita, tukabadilisha gasketi, tukarudi kwenye mililita zilezile za mwanzo. Hesabu zilishuka.

Na kostiki yenyewe lazima iondoke yote kabla ya perasetiki kuingia. Dawa hii inapenda mazingira ya asidi. pH, kile kipimo cha uasidi, ikipanda juu ya 8 nguvu yake inaporomoka. Kwa hiyo tunapima pH ya maji ya mwisho ya kusuuza. Ni kazi ya sekunde chache, lakini ndiyo inayorukwa kuliko zote zamu ya usiku.

Kinachonifanya niipende kuliko klorini ni kwamba haihitaji moto, haitoi povu, inaua hata zile spora za bakteria zinazostahimili mengi, na kwa kipimo sahihi hatusuuzi baada yake. Tunaacha mabomba yachuruzike tu. Klorini ikibaki kwenye chuma kisichoshika kutu inakitoboa vitobo vidogo vidogo ambavyo baadaye vinakuwa makazi ya bakteria, na kwenye maziwa inaacha ladha. Siki kidogo iliyobaki kwenye bomba lililochuruzika vizuri, mnywaji haioni.

Wapishi wa bia wana sababu yao nyingine, nzuri sana. Tangi la kuchachushia limejaa kaboni dayoksaidi. Ukiingiza kostiki humo, kostiki inainyonya hewa ile, nguvu yake inapotea, na tangi linaweza kubonyea kwa ndani kwa sababu ya ombwe. Perasetiki haina ugomvi na kaboni dayoksaidi. Unasafisha tangi likiwa baridi bila kulitoa hewa yote. Huko Marekani viwanda vya kuku vinaitia kwenye maji ya kupozea nyama. Kwenye kilimo cha matone, mchanganyiko wa perasetiki na peroksaidi unapitishwa kwenye mipira kuzuia ute usizibe matundu. Hospitali nazo zinaitumia kwa vifaa visivyoweza kuchemshwa, kama zile kamera ndefu za kuingiza tumboni. Na wakati wa Korona wengi mlishika peroksaidi mikononi bila kujua: kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya kitakasa mikono, kwa lita 10, inataka mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 417 za peroksaidi ya asilimia 3, na mililita 145 za gliserini, kisha maji yaliyochemshwa yakapoa ya kujazia. Pale peroksaidi haikuwekwa kwa ajili ya mikono yako. Iliwekwa kuua spora ndani ya chupa, kwa kuwa ethanoli haiziwezi.

Lakini penye ufundi unaonivutia kuliko pote ni kwenye maziwa ya boksi. Maziwa ya UHT yanapashwa moto wa nyuzi 135 hadi 140 kwa sekunde chache tu. Sawa, maziwa yamesafishika. Je, karatasi ya boksi? Huwezi kuichemsha. Katika mashine nyingi karatasi inapita kwenye bafu la peroksaidi ya asilimia 35 yenye moto wa nyuzi 70 na zaidi, inatoka, inakamuliwa na roli, kisha inapulizwa hewa moto safi mpaka peroksaidi yote ivunjike na kukauka. Baada ya hapo inakunjwa kuwa bomba, inajazwa maziwa, inabanwa na kukatwa, yote ndani ya chumba kisichoingiliwa na hewa ya nje. Kampuni ya Tetra Pak ya Uswidi ilianza kuuza boksi la namna hii la umbo la tofali mwaka 1969. Marekani iliruhusu peroksaidi kwenye vifungashio vya chakula mwaka 1981, na ukomo wake wa mabaki ni sehemu 0.5 katika milioni. Fikiria hapo: karatasi imezama kwenye dawa inayoweza kukuunguza ngozi, na sekunde chache baadaye karibu hakuna kitu cha kukipima. Mama anampa mtoto wake boksi lile aende nalo shule, nyuzi 30 nje, bila friji, na maziwa ni mazima miezi baadaye.

Sasa upande wa hatari, nao siupunguzi.

Kwa kuwa dawa inavunjika, inatoa oksijeni muda wote, hata ikiwa imekaa tu stoo. Kifuniko cha jerikeni kina tundu la kupumulia, na si kasoro ya kiwandani. Nimeona mtu wa stoo amelibandika utepe kwa sababu harufu inamsumbua; jerikeni lilikuwa limevimba pande zote. Harufu inatibiwa kwa kufungua madirisha ya stoo na kuhamisha dawa mbali na jua. Vilevile kwenye bomba: usifungie dawa katikati ya valvu mbili ukaiacha. Itazidi kutoa gesi isiyo na pa kwenda, na kitakachopasuka ni kile kilicho dhaifu kuliko vingine.

Shaba (hata ile iliyochanganywa na zinki), kutu, na paipu za mabati zinaichochea ivunjike kwa kasi, na dawa nayo inazila. Chuma kisichoshika kutu hakina shida. Raba ya asili haifai. Fundi wa bomba wa mtaani akikuletea kiungo cha shaba kwa kuwa ni nafuu, mrudishie. Peroksaidi kali zaidi ya hii yetu ndiyo iliyokuwa kwenye topido, kombora la chini ya maji, la nyambizi ya Urusi, Kursk. Uchunguzi rasmi ulisema ilivuja ikalipuka, Agosti 2000, na watu wote 118 wakafa. Sisi hatuna dawa ya nguvu ile kiwandani, ila tabia ni ya ukoo mmoja.

Mbili nyingine nawaambia wageni kabla hata hawajavaa gambuti. Ya kwanza: ikimwagika, usiifunike kwa maranda ya mbao kama tunavyozoea kufanya kwenye mafuta. Maranda yaliyolowa dawa hii yanaweza kuwaka yenyewe. Mwaga maji, maji mengi. Ya pili: isikutane na jiki. Asidi ikigusa dawa za klorini inatoa gesi ya klorini, na watu wameumia mapafu vyooni majumbani kwa kuchanganya vitu viwili wakitaka usafi wa haraka. Kwetu kikombe cha kupimia perasetiki kina rangi yake na hakiondoki kwenye ndoano yake.

Mvuke wake unauma macho na pua hata ukiwa kidogo. ACGIH, chama cha wataalamu wa afya kazini cha Marekani, kimeweka ukomo wa sehemu 0.4 katika milioni ya hewa, kwa dakika 15. Ni kidogo mno. Ndiyo maana namkatalia yeyote anayemwambia kijana amimine kwa kichwa kikiwa juu ya ndoo. Maji kwanza kwenye tangi, dawa baadaye. Miwani ya kufunika pembeni, glavu ndefu, aproni. Vijana wanaofanya kazi hii usiku, wakati wasimamizi wamelala, ndio wanaobeba usalama wa maziwa ya mji mzima, na macho yao yana thamani kuliko jozi ya miwani.

Na kwa kuwa inavunjika, huwezi kuamini maandishi ya jerikeni. Dawa iliyokaa stoo ya bati wakati wa joto inaweza kuwa imepoteza nguvu wakati lebo bado inasema asilimia 5. Maabara yetu ina njia ya zamani ninayoipenda. Unachukua sampuli, unaipoza kwa barafu, unatia asidi ya salfa, kisha unadondosha pamanganeti tone kwa tone mpaka rangi ya waridi ikatae kufutika. Hapo peroksaidi imekwisha na umeshajua ilikuwa kiasi gani. Unaongeza potasiamu ayodidi. Perasetiki inaitoa ayodini na chupa inageuka kahawia. Unaweka wanga kidogo, inakuwa buluu iliyokolea kama usiku, halafu unadondosha thaiosalfeti hadi buluu yote itoweke ghafla. Hapo umepata perasetiki. Barafu ni ya lazima, kwani bila hiyo vitu vinaharakisha na hesabu zinachanganyika. Kwenye zamu tunatumia vijikaratasi vya kuchovya, lakini kila mzigo mpya ukifika tunarudi kwenye chupa na tone.

Nimeacha mwisho lile linaloniumiza.

Kwenye biashara ya maziwa mabichi, Tanzania na Kenya pia, kuna watu wanaotia peroksaidi kwenye madumu ili maziwa yasichachuke njiani. Naelewa kinachowasukuma. Mfugaji amekamua saa kumi na moja alfajiri, pikipiki inakwenda vijiji vitano, barabara ina tope, jua linapanda, na maziwa yakikataliwa getini hasara ni ya yule mwenye ng'ombe wawili. Lakini dawa ile haijui kwamba maziwa ni chakula. Inatumika kwa kificho, bila kipimo, mara nyingi ikiwa ya viwandani na isiyo ya chakula, na inafunika uchafu uliokwisha kuingia. Na ubaya wake mwingine ni kwamba katalesi ya maziwa yenyewe inaivunja, kwa hiyo yakifika getini karatasi ya kupimia inaweza isioneshe kitu, na sisi tunapokea maziwa ya zamani yanayojifanya ya leo.

Ipo njia iliyokubaliwa, na nashangaa kwa nini haizungumzwi zaidi. Maziwa yana kimeng'enya chake, laktoperoksidesi, chenye uwezo wa kuzuia bakteria kikipata vitu viwili kidogo. Mwongozo wa Codex, kanuni za chakula za kimataifa, wa mwaka 1991 unasema: miligramu 14 za sodiamu thaiosayaneti kwa lita, kisha miligramu 30 za sodiamu pakaboneti, ambazo zinatoa peroksaidi ya miligramu kama 8.5 tu. Ifanywe ndani ya saa mbili au tatu baada ya kukamua, na mtu aliyefundishwa, kwenye kituo cha kukusanyia. Kwa joto la nyuzi 30 unapata saa 7 hadi 8 kabla maziwa hayajaanza kuharibika. Hapo kinachofanya kazi ni kimeng'enya cha maziwa; peroksaidi ile kidogo inakiamsha tu na kuisha. Mwongozo huohuo unasema njia hii ni ya mahali ambapo kupoza hakuwezekani.

Kupoza ndiko ninakokutaka mimi. Kila kikao cha bajeti naomba vituo vilivyobaki vipate tangi la kupozea la nyuzi 4, na jenereta, na mafuta ya jenereta yaandikwe kwenye hesabu badala ya kuachiwa mwenyekiti wa ushirika ayatoe mfukoni. Vituo vilivyopata tangi mwaka jana, maziwa yake yanafika getini yakiwa baridi, na wale akina mama wanaoyaleta hawasimami tena na wasiwasi wakingoja tuchovye karatasi.